Harufu ya Oili Inayoungua Katika Pikapu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wenye magari na madereva wa Mokowe)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila dereva wa hapa Mokowe amekwisha kulinusa, nalo ni harufu ya oili inayoungua. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri, na kwa sababu hiyo naomba ruhusa nianze na neno lenyewe.

Katika lugha yetu petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, na ya kukaangia samaki nayo ni mafuta. Basi mtu akienda kwa fundi akasema, "Gari langu lanuka mafuta," fundi hajaambiwa kitu. Petroli mbichi hunuka kali bila moshi, na hatari yake ni kubwa kuliko zote. Zima injini papo hapo. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa hunuka kama kitu kitamu. Breki au klachi iliyoshika moto hunuka kama kitambaa kilichounguzwa kwa pasi. Oili inayoungua hunuka nzito, mfano wa sufuria ya kukaangia iliyosahauliwa mekoni, na mara nyingi moshi mwembamba hutoka chini ya boneti.

Walio Amu mjini, ambako mizigo huchukuliwa na punda, pengine watauliza haraka ni ya nini. Lakini samaki waliotiwa barafu wakishapakuliwa hapa, hutegemea gari. Kutoka Mokowe hata Garsen, kwa njia ya Witu, ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Garsen hata Malindi ni karibu kadiri hiyo tena. Lami imewekwa, lakini porini hakuna karakana. Wengi mwakumbuka kwamba baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 magari yalikwenda kwa msafara yakilindwa na askari, na gari lililozimika njiani lilikuwa balaa kwa wote waliokuwamo.

Sasa tutazame chanzo chake. Oili ikiwa mahali pake ndani ya injini hainuki. Hunuka inapovuja ikaangukia kitu cha moto, na kitu hicho ni bomba la ekzosi, ambalo karibu na injini joto lake laweza kupita digrii 300 za sentigredi. Oili nyingi huanza kutoa mvuke uwezao kuwaka zifikapo digrii 200 na kidogo. Ndiyo sababu harufu huzidi gari linaposimama gatini: njiani upepo uliichukua, sasa yapanda na kuingia mahali alipokaa dereva.

Kabla ya kufungua chochote, simamisha gari mahali pa sawa, ngoja dakika kumi, kisha tazama kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imeshuka chini ya alama ya mwisho, usiende hata maili moja kabla ya kuongeza. Kisha uliza ni nani aliyebadilisha oili mara ya mwisho. Mara nyingi kifuniko cha kutilia oili hakikukazwa, au oili ilimwagika tu, au mpira wa filta ya zamani ulibaki umeganda na filta mpya ikafungwa juu yake. Makosa haya hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Ikiwa sivyo, injini ipoe kabisa, uisugue kwa brashi, sabuni na mafuta ya taa kidogo, uikaushe. Endesha mwendo mfupi, kisha mulika kwa tochi. Oili huteremka chini na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo usihukumu kwa tone lililo chini. Tafuta mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Hapa kwetu tazama na sampu pia, kwani maji ya chumvi huila kwa kutu mpaka ikatoboka.

Mahali penye hatia mara nyingi ni gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, ambacho mafundi hukiita tapeti kava. Mpira wake hukauka kwa joto, ukawa mgumu kama kigae, na oili ikachuruzika ubavuni mpaka juu ya ekzosi. Dawa yake ni gasketi mpya. Kwangua ya zamani bila kuichubua alminiamu, futa pakauke, kisha kaza bolti kidogo kidogo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Bolti hizi ni ndogo; mwenye nguvu nyingi huzikata. Wako wanaopaka silikoni juu ya gasketi mbovu kama wapakavyo chokaa ukutani. Kazi hiyo siipendi, kwa maana vipande vyake huanguka ndani na kuziba njia ya oili. Safisha na mpira wa kupumulia wa injini, maana ukiziba, pumzi iliyofungwa itasukuma oili nje hata kwa gasketi mpya.

Moshi wa samawati utokao katika mdomo wa ekzosi ni shauri jingine: oili yaingia katika silinda. Ukitoka kitambo kidogo tu asubuhi, sili za valvu zimechoka. Ukitoka kila ukanyagapo mafuta, ringi zimelika. Wauzao injini kuukuu hupenda uamini hili kwanza, basi lifikirie mwisho.

Baada ya matengenezo harufu yaweza kubaki safari moja au mbili, mpaka mabaki yaungue yaishe. Ikiendelea, na nyuma ya injini kuna matone, huenda sili ya nyuma ya krankshafti imekwisha, na gia boksi haina budi kuteremshwa. Tone moja moja laweza kungoja mpaka kusi, vyombo vinapopungua baharini, mradi klachi isiteleze na kijiti kitazamwe kila asubuhi.