Mji wa Watu Wakimya

Wageni hutuuliza sisi tukaao Helsinki, mji mkuu wa Ufini: Je, mji wenu ni mzuri? Twawajibu bila kuupamba.

Helsinki ni safi, lakini chakula ni ghali. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, na saa tisa alasiri linakaribia kutua. Tena watu ni wakimya. Ndani ya tramu, ukimwamkia usiyemjua, huenda akageuza uso. Mgeni aliyezoea salamu hudhani amedharauliwa. Hujifungia chumbani, kisha hurudi kwao akisema, "Kule hakuna upendo."

Lakini huku kunyamaza ni heshima, ni kumwachia mwenzako nafasi yake. Mwulize njia yule mkimya, naye aweza kukusindikiza mpaka kituoni.

Liko kanisa hapa, Temppeliaukio, lililochongwa ndani ya mwamba na kufunguliwa mwaka 1969. Nje huoni mnara, ila mawe. Ingia, nawe utaona dari la shaba, na mwanga ukishuka kupitia vioo vilivyolizunguka. Ndivyo walivyo wengi wa mji huu.

Hata nabii Samweli, nyumbani kwa Yese, alivutwa kwanza na sura na kimo. Basi, mgeni, usiuhukumu mlango kwa kuwa umefungwa, bisha hodi. Nasi wenyeji, tusingoje hodi, maana yuko mgeni asiyethubutu kubisha. Tumwendee.

Bwana atupe macho ya kuona yaliyo ndani. Amina.