Kumtetea Bwana wa Zamani



Huku kwetu Issenye, katika wilaya ya Serengeti, vijana hutafuta kazi katika kambi za watalii na katika hifadhi za wanyama. Kazi ikiisha hurudi nyumbani, na pengine husikia barazani bwana wao wa zamani akilaumiwa vikali. Afanyeje mtu aliyekula chumvi yake? Twapenda kuwapa mfano mmoja.

David Livingstone alilaumiwa sana kwao Uingereza. Safari yake ya Mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, ilikula fedha nyingi na roho za watu, na mwaka 1863 serikali ikamwita arudi. Magazeti hayakumhurumia. Wala hakuwa bila kosa: mwaka 1859 alimfukuza mchoraji wake, Thomas Baines, kwa shutuma ya wizi, asimpe nafasi ya haki ya kujitetea.

Livingstone alipokufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake na maandishi yake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka huo huo Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha shajara za marehemu. Waller aliwauliza habari za safari, nao wakamweleza waliyoyaona kwa macho yao.

Waller naye alimpenda Livingstone, lakini maneno mengine yasiyopendeza aliyaacha nje ya kitabu. Je, yalifichika? La. Wataalamu wa siku hizi wamezisoma shajara zenyewe, na yaliyoachwa yanajulikana. Njia ya mwongo ni fupi, na njia ya mfichaji haiipiti sana.

Basi, ndugu zetu, tukimtetea tuliyemtumikia, na tuseme hivi: “Mshahara alinilipa kwa siku yake, nilipougua alinipeleka hospitali, lakini katika jambo hili alikosa.” Neno la namna hiyo hata adui hulisikiliza. Bali asifuye kila kitu huwatia watu shaka hata katika lile lililo kweli, akamdhuru yule aliyetaka kumponya. Chumvi ya mtu hulipwa kwa ushahidi wa haki.