Malipo ya Mara Moja na Ritani ya Kodi: Kodi ya Zuio ni Arubuni

Ndugu Mwenyekiti, ndugu washiriki mliotoka Iringa, nanyi wenyeji wetu wa Mbeya,

Nianze na swali ninalolisikia kila tunapozungumzia kazi za pembeni: "Mimi nimefanya mara moja tu, na asilimia 5 walishakata. Nadaiwa nini tena?" Swali hilo limebeba dhana mbili, na zote mbili si sahihi.

1. Dhana ya kwanza: "mara moja tu"

Huku Nyanda za Juu Kusini michongo ya namna hii ni mingi. Mwalimu wa sekondari Iringa anatafsiri mwongozo wa mafunzo. Mhitimu wa chuo anakusanya takwimu za wakulima wa viazi Umalila. Mkazi wa Mwanjelwa mwenye kamera nzuri anaombwa kupiga picha za harusi Tukuyu. Hakuna kati yao anayejiita mfanyabiashara.

Hata hivyo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haikuishia dukani na kiwandani ilipoeleza maana ya biashara. Imetaja pia taaluma, na hata shughuli ya mara moja yenye sura ya biashara. Kwa hiyo kazi moja yatosha. Pale tu malipo yanapotoka kwa mwajiri wako mwenyewe ndipo huhesabiwa kuwa mapato ya ajira, yakaingia kwenye PAYE, ile kodi anayokata mwajiri, pamoja na mshahara.

2. Dhana ya pili: "walishakata"

Taasisi au kampuni inapomlipa mkazi ada ya huduma, hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa malipo tunayoyazungumzia hapa, makato hayo ni arubuni. Fundi akipokea arubuni ya kabati, bei ya kabati haijaisha. Hesabu hufungwa siku ya kukabidhiana. Siku hiyo kwetu ni siku ya ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka tunayoipeleka TRA: ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa mapato kwisha, yaani hadi 30 Juni kwa wanaofuata mwaka wa kalenda.

Bwana harusi wa Tukuyu yeye hakati chochote, kwa sababu halipi kama mtu anayeendesha biashara. Mpiga picha hupokea fedha kamili, na wajibu wa kuzitaja unabaki kwake.

3. Mifano miwili

Tuchukue kazi ya shilingi 2,000,000. Zuio ni 100,000. Mkononi zinafika 1,900,000. Gharama za kazi yenyewe, kama nauli, uchapaji na intaneti, tuseme ni 400,000. Kinachotozwa kodi ni 1,600,000.

Mfano wa kwanza ni mwalimu ambaye mshahara wake unaotozwa kodi ni 900,000 kwa mwezi, sawa na 10,800,000 kwa mwaka. PAYE yake ya mwaka ni 1,236,000. Tukijumlisha kazi ya pembeni, mapato yanakuwa 12,400,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, 12,000,000 za kwanza zina kodi ya 1,536,000, na zinazozidi hapo hutozwa asilimia 30. Jumla ni 1,656,000. Ondoa PAYE, ondoa zuio la 100,000: bado anadaiwa 320,000.

Mfano wa pili ni mhitimu asiye na ajira aliyefanya kazi hiyohiyo, kwa gharama zilezile, na hakupata kingine mwaka mzima. Mapato yake ya 1,600,000 hayafikii 3,240,000, kiwango ambacho chini yake mkazi hatozwi kodi. Hadaiwi kitu. Zaidi ya hapo, ile 100,000 ni haki yake, na njia ya kuidai ni ritani.

Makato yalikuwa yaleyale, lakini mmoja anadaiwa na mwenzake anadai. Ndiyo maana nasema asilimia 5 haimwambii mtu kodi yake ni kiasi gani.

4. Mambo ya kufanya

(a) Kuwa na namba ya mlipakodi (TIN), na mpe anayekulipa kabla hajaandaa malipo, ili zuio liingie kwenye jina lako.

(b) Dai cheti cha kodi ya zuio. Bila cheti utapata shida kuthibitisha kwamba ulikatwa.

(c) Tunza mkataba na risiti za mashine za kielektroniki (EFD). Gharama inayokubalika ni ile iliyotumika kwa ajili ya kazi hiyo pekee; nauli ya kwenda kusalimia nyumbani haimo. Kumbukumbu hutunzwa kwa miaka 5.

(d) Weka akiba siku ileile unayolipwa. Mwalimu wetu aliyelipwa Oktoba akala zote, Juni itamkuta mikono mitupu.

5. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, wengi wetu tumezoea kodi inayokatwa kabla mshahara haujatufikia, ndiyo maana ritani tunaiona kuwa shughuli ya wenye maduka. Kazi moja ya pembeni inatuingiza kwenye shughuli hiyo. Ombi langu kwenu ni moja: ukishapeana mkono na aliyekulipa, usiondoke ofisini kwake bila cheti cha zuio.