Usitupe Kompyuta ya Zamani Kabla ya Kuokoa Rekodi



Zipo ofisi za vyama vya ushirika na maduka ambazo bado huweka hesabu kwa programu za miaka ya tisini. Siku kompyuta hiyo ikikataa kuwaka, rekodi za akiba na madeni ya wanachama zimo hatarini. Kununua mpya pekee hakutoshi: Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16.

Suluhisho ni kompyuta pepe. Programu kama VirtualBox, ambayo hupatikana bila malipo, huunda kompyuta nyingine ndani ya ile mpya. Humo huwekwa Windows XP ya biti 32, kisha programu ya hesabu.

Zingatieni mambo matatu. Kwanza, nakilini rekodi zote mapema. Pili, tumieni Windows yenye leseni halali. Tatu, zimeni intaneti ndani ya kompyuta pepe, kwani Microsoft ilikoma kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

Kompyuta ikiharibika hununuliwa nyingine. Hesabu za mwanachama zikipotea haziuzwi dukani.