Mtaa Usiolala na Presha ya Mama



Mtu akishuka kutoka Machame au Marangu hadi Moshi Mjini, huacha nyuma kihamba na utulivu wa usiku, akaingia Majengo, Pasua au Njoro, ambako nyumba zimekaribiana na muziki wa baa huweza kuvuma hadi usiku wa manane. Mwenye meza sokoni Mbuyuni naye hana budi kuamka kabla ya alfajiri. Mlimani nako dhiki ipo. Anayeshusha mkungu wa ndizi kichwani angetucheka tukisema vinginevyo. Ila dhiki ya mtaa humnyima mtu hata mapumziko ya usiku.

Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka mtu alalapo. Kelele zikimgutusha, moyo hukaza mwendo na mishipa hubana. Usiku mmoja si neno. Hali ikidumu miezi na miaka, ikichanganyika na wasiwasi wa kodi ya chumba na marejesho ya kikundi, shinikizo laweza kupanda na kubaki juu, mara nyingi bila dalili yoyote.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tunaosimamia dawa. Mama akiumwa kichwa na mabega hununua diklofenaki, leo, kesho na keshokutwa. Dawa hiyo, sawa na ibuprofeni, huweza kupandisha shinikizo, kupunguza nguvu ya dawa za presha, na kudhuru figo ikitumiwa muda mrefu. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango navyo huweza kulipandisha. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa au anayeona vimulimuli asinunue chochote. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani huenda kifafa cha mimba kinamnyemelea. Nazo dawa za usingizi, diazepamu ikiwamo, ni za cheti cha daktari, hata kama muuzaji ni jirani.

Basi pimeni kabla ya kununua. Ketini dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Kahawa msiinywe katika nusu saa ya kabla ya kupima, hata kama tuko Kilimanjaro. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, chahitaji daktari. Kuhusu baa isiyolala, pelekeni malalamiko serikali ya mtaa, kwa maandishi, majirani wote pamoja, nanyi mbaki na nakala.