Stata Inayosita

Asubuhi ya Juni, Kolwezi, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, huamka na baridi inayouma. Dereva wa Toyota ya zamani anazungusha ufunguo. Kimya. Sekunde mbili zinapita, kisha "tak!", na injini inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi hukimbilia kununua betri mpya.

Haraka hiyo hula pesa bure. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban 12.6, na wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka, betri ndiyo mshukiwa wa kwanza, pamoja na ncha zake zilizoota ukoga wa kijani na waya unaofungwa kwenye bodi.

Betri ikiwa nzima, taa za mbele hutoa ushahidi. "Tak" ikisikika na taa zisififie, umeme haufiki kwenye mota ya stata, ile inayozungusha injini ili iwake. Mara nyingi kosa liko ndani ya solenoidi, ile swichi nzito ya stata: vibao vyake vya mguso vimeungua na kulika. Navyo ni vya shaba, katika mji uliojengwa juu ya shaba! Kwenye stata nyingi za Toyota hubadilishwa vyenyewe, bila kununua stata nzima.

Pasiposikika hata "tak", fundi apime waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo; magari yaliyochakaa hupoteza volti humo.

Kabla ya kufungua chochote: gia huru, breki ya mkono, na waya hasi wa betri utolewe kwanza.