Mlevi wa Wesha aende wapi?

Wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo kwetu Pemba husemwa kwa kunong'ona, nalo ni ulevi. Sitaizungumzia hukumu yake, kwani kila mtoto wa chuoni anaijua. Nazungumza na yule anayeijua hukumu, amechoka na pombe, na hajui pa kushika.

Mimi naishi Wesha, hapa magharibi ya mji wa Chake Chake. Anayekunywa huku kwetu hujificha. Hununua kupitia mtu mwengine, hunywa usiku, na asubuhi hutafuna karafuu ili asinuke. Kwa hivyo tunamjua pale mambo yanapokwisha kuharibika: mashine ya boti imeuzwa, mke amerudi kwao, watoto wanafutari kwa jirani.

Tazameni jambo moja. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, wengi katika hawa huacha. Siku 29 au 30 hawagusi tone. Baada ya Idd wanarudi pale pale, na sisi tunasema ni unafiki. Mimi sikubali. Katika mwezi ule mtu hafungi peke yake. Anafutari na wenziwe, anasali tarawehe na wenziwe, na kila anayekutana naye njiani yumo katika kazi ile ile. Idd ikipita, kila mtu anarudi kwake, na yeye anabaki na kiu yake.

Basi vikao vya wanaoacha ulevi vinatafuta ushirika kama ule kwa miezi 11 iliyobaki. Vilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale dalali mmoja wa hisa na daktari mmoja wa upasuaji, wote walevi, walipogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao siku inapita bila ya kunywa. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous. Mwaka 1953, huko California, likafuata tawi la mawazo hayo hayo kwa watumiaji wa dawa za kulevya, Narcotics Anonymous, ambalo huihesabu pombe kuwa dawa kama nyengine, hivyo mnywaji hafukuzwi mlangoni.

Kikao chenyewe hakina makubwa. Watu huketi, mmoja hutaja jina lake la kwanza na kueleza yaliyomfika, wengine husikiliza. Hapana ada, hapana fomu, hapana wa kumkatiza wala kumhutubia. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha. Na yaliyosemwa hubaki pale pale, jambo ambalo si geni kwetu tuliofunzwa kuwa kikao ni amana.

Atatokea wa kusema hayo ni ya Wazungu. Iran, ambako pombe imepigwa marufuku kwa Waislamu, ina moja ya jumuiya kubwa kabisa za Narcotics Anonymous duniani. Waislamu wa Baltimore walianzisha vikao vyao, Millati Islami, mwaka 1989. Na hapa Zanzibar, tangu mwaka 2009, nyumba za upataji nafuu, zile ziitwazo soba hausi, zimewatoa vijana wengi katika heroini kwa kutumia vikao hivyo hivyo.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku 2 au 3 za mwanzo anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Huyo aanzie hospitali, na amwambie daktari ukweli wa kiasi anachokunywa.

Jirani yangu mmoja aliposikia habari za vikao aliniuliza: "Yakhe, viko wapi? Na nani ataniona nikiingia?"

Swali la kwanza lina majibu. Nyumba nyingi za upataji nafuu ziko Unguja, na mwenye nauli ya meli anaweza kwenda. Asiyekuwa nayo ajue kwamba tangu mwaka 2020 vikao vingi vya dunia hii hufanyika pia kwa simu, ingawa vya Kiswahili ni vichache kuliko vya Kiingereza.

Swali la pili ndilo zito. Dar es Salaam mtu hupanda daladala akaenda kukaa na wasiomjua. Wesha, hata viatu vyako ukivivua mlangoni vinajulikana ni vya nani. Kwa sheha hapafai, anisamehe mheshimiwa sheha, maana anayeonekana pale huulizwa ana kesi gani. Msikitini patafaa siku tutakapoacha kumgeukia mtu na kumnusa.

Naona mahali penye stara ni kituo cha afya. Anayeingia pale huenda anafuata dawa ya kikohozi, hapana wa kumuuliza. Ninachowaomba wakubwa wa afya wa Wilaya ya Chake Chake ni chumba kimoja cha nyuma, saa moja kwa wiki, wakati wagonjwa wengine bado wapo, na muuguzi asiyekuwa na mdomo. Bajeti haihitajiki. Jirani yangu amesema kikipatikana atakuja, na anamjua na mwengine.